Kioo Namba 214

Mimi ndiye niliyekuwa nikiosha vioo.
Miaka thelathini na minne, ghorofa ya chini, Tartu,
maji ya moto, siki kidogo, kitambaa cha pamba.
Nadharia msiniulize. Niulizeni mikono yake.

Helve Kuusemets alikuja na buti za baba yake,
soksi mbili mbili ndani ili zimtoshe,
binti wa mkata mboji wa Mustallika,
ambako watu hukata kinamasi kama matofali,
hukianika, kisha hukitia jikoni
wapate moto wa kuvukia Januari.
Alisema: "Kwetu tumechoma miaka elfu nane kwa kuchemsha chai."
Tulidhani anatania.

Kumbe kila upana wa kidole cha mboji
ni miaka kumi na tano, pengine ishirini,
na kila mwaka umejiwekea vumbi la maua yake.
Akaketi kwenye hadubini, akahesabu.
Chavua ya msonobari: mifuko miwili,
mashavu ya mtoto apulizaye uji.
Mbetula: matundu matatu.
Nyasi: tundu moja, la duara, kama kitovu.
Mia tano kwa kioo. Vioo mia tatu.
Jicho la kulia likapata pete
isiyofutika hata Jumapili.

Haba na haba, watu husema, hujaza kibaba.
Yeye haba zake alizihesabu.
Kibaba hakukiona.

Jioni moja ya Februari alinipungia mkono nije nichungulie:
nyasi, lakini kubwa, nono, kitovu chenye ukingo.
"Shayiri," alinong'ona. "Mita nne chini.
Kuna mtu alilima hapa
kabla ya wakati tunaoruhusiwa kumkuta."

Profesa Liivak alitazama, akavua miwani.
"Uchafu. Mkate wako umedondoka."
Akanigeukia mimi: "Osha."

Helve akafuta safu moja kwenye jedwali.
Tasnifu ikapigwa chapa kwa Kirusi, nakala nne,
ya mwisho haikusomeka, ikapanda treni kwenda Moscow.
Akapata shahada, na maua matatu yaliyofungwa gazetini.
Tangu hapo mkate wake mweusi aliulia nje,
amesimama kwenye theluji,
mbali na mlango wa maabara.

Kisha nchi ikabadilika jina kwenye pasi,
mshahara ukabadilika sarafu,
na lugha aliyoandikia ujana wake
ikawa lugha ambayo majarida hayaifungui.
Ana miaka arobaini na sita, akaanza Kiingereza upya,
maneno ishirini kwa siku, kamusi kando ya lenzi.
Alithubutu kuitaja ile shayiri mara moja, katika sentensi moja.
Mhakiki wa pili (nani amewahi kumwona mhakiki wa pili?)
alijibu: Ushahidi uko wapi?
Ruzuku ikaenda kwa wenye mashine.
Yeye akapewa kipindi cha saa mbili asubuhi,
wanafunzi kumi na mmoja, sita wamelala.

Siku ya kustaafu palikuwa na keki.
Mkuu wa idara alilitamka vibaya jina la kinamasi.
Nilingoja waondoke, nikavuta droo ya brashi,
nikatoa bahasha.
Kioo namba 214. Kimekauka pembeni, katikati kizima.

Nimeosha vioo maelfu. Hicho sikukiosha.
Nilikuwa na miaka ishirini na miwili,
shayiri siijui, profesa namwogopa;
nilichojua ni uso wake tu
ulivyokuwa alipouinua kutoka kwenye lenzi.

Hakulia. Aliwasha taa, akazungusha skrubu,
akakaa hivyo, midomo ikihesabu,
mpaka keki ikaota ngozi kwenye sahani.

"Namba umeiandika kwa penseli mbovu, Juhan," alisema,
kichwa kingali chini. "Ingefutika."
Na baada ya kitambo:
"Mkate. Eti mkate."

Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kutazama,
kama alivyozoea,
nami nikampa daftari.